Radhi ya Kurudi

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, ajuaye habari ya kila nyumba kabla mjumbe hajabisha hodi, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanaona mstari, na kwa majirani aliowaweka karibu nami, wa kuchekesha na wa kuliza. Mmoja wao nataka kumweleza hapa. Jina lake silitaji. Watoto wake wapo, wajukuu wapo, na isitoshe mtaa mzima hatukumwita kwa jina. Tulimwita Tarishi.

Kazi hiyo aliifanya katika ofisi moja hapa Tabora mpaka akastaafu: kupeleka majalada huku, kuleta barua kule, kusubiri sahihi za wakubwa akiwa amesimama. Miaka yake ya mwisho alikuwa na swali moja tu. Alikwenda nalo sokoni, msikitini na kitandani, kama mtu mwenye mwiba unyayoni ambao hautoki: je, mke wangu alikufa akiwa radhi nami? Nitasema swali hilo lilivyoingia na lilivyojibiwa. Lakini kwanza nimweleze mtu mwenyewe, maana asiyemjua atamhukumu haraka.

Alikuwa mfupi, mwenye miguu minene kupita kiwiliwili chake. Suruali aliifunga mguu wa kulia kwa kipande cha tyubu isiingie kwenye cheni, na kipande hicho hakukivua hata akija kuswali; alikisahau, tukawa tunakitazama wakati wa rukuu. Alivaa katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ya zamani, yenye keria pana, na ilikuwa haina kengele. Kengele ilikufa, akakataa kununua nyingine. Alisema watu wakisikia kengele hugeuka na kuona nani anakuja, na yeye hakupenda waone mapema.

Sababu yake ni hii. Kabla simu hazijaenea, mtu akifiwa mjini na ndugu zake wako Sikonge, Igalula au Urambo ndani ndani, ilibidi apatikane mtu wa kwenda kuwaambia. Tarishi alikuwa na baiskeli, alikuwa na miguu, na alizijua njia za porini. Basi baada ya saa za kazi, au siku za mapumziko, walikuja kumwita. Hakukataa hata mara moja. Hakukubali malipo, ila maji ya kunywa na mahali pa kulala kama giza limemkuta.

Msomaji wa kwetu anajua desturi. Habari ya kifo haitupwi mtu usoni. Hasa aliye mbali, hasa aliye safarini. Huambiwi baba yako amekufa. Unaambiwa hali yake si nzuri, njoo. Unapanda gari ukiwa na mgonjwa moyoni, unafika unakuta turubai. Wazee waliona hivi ni huruma: mtu asije akaanguka njiani peke yake, asije akapoteza akili kwenye stesheni ya watu. Tarishi aliimudu desturi hii kuliko sisi sote. Akifika kwa mtu aliomba maji kwanza. Akanywa polepole. Akauliza mvua, akauliza karanga, akauliza ng'ombe. Akaomba kigoda, na mwenyeji naye akae. Ndipo akasema mgonjwa kazidiwa, twendeni. Usemi wake ulikuwa mmoja: "Mkalishe mtu kwanza, ndipo umwangushe."

Niliwahi kumtania. Tulikuwa tumekaa barazani kwangu baada ya swala ya alasiri. Nikamwambia, "Wewe Tarishi, siku ya Kiyama utapanga foleni ndefu. Uongo uliousema kwa nchi hii hauna kifani."

"Si uongo, Maalim. Ni ukweli nimeuchelewesha kidogo, mtu apate kukaa."

"Umeipata kitabu gani hiyo?"

"Kitabu cha matako. Mtu akianguka kutoka kigodani haumii sana."

Tukacheka. Mkewe alikuwa anapita na ndoo, akasema, "Cheka tu, Maalim. Huyu akija kuniambia mimi kitu, nitabaki nimesimama nimwone atafanyaje."

Mwanamke huyo alikuwa mrefu kuliko mumewe, mwenye maneno machache na makali. Tarishi akirudi kutoka kupeleka msiba, mkewe hakumruhusu kuiingiza baiskeli uani kabla hajaimwagia maji magurudumu yote mawili. Hakumwuliza umefikaje wala walilia vipi. Alimwaga maji, akaifuta keria, akamwambia, "Ingia ule." Wakati mwingine alimwekea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, wakatafuna pamoja bila neno. Nadhani ndiyo iliyokuwa dawa yake. Asingekuwa na nyumba ile ya kurudia, kazi ile ingemvunja mapema.

Maana ilimwumiza. Watu walidhani amezoea. Mama mmoja wa Isevya alimmwagia jivu kichwani baada ya kuambiwa, akamwita ndege wa mkosi. Watoto waliimbiwa kwamba wakilia Tarishi atapita. Kuna mzee mmoja wa njia ya Urambo, mfugaji wa nyuki, alimwona Tarishi anapanda kilima na baiskeli yake, akaangusha mzinga aliokuwa ameubeba, akapiga ukunga, akina mama wa nyumba zile wakatoka wameshika vichwa. Wakalia muda mrefu. Tarishi amesimama tu, ameshika usukani. Walipotulia akawaambia amekuja kununua asali.

Alipotusimulia, mtaa ulicheka wiki nzima. Yeye hakucheka. Aliniambia baadaye, "Asali walinipa bure, Maalim, kwa furaha. Nikaileta nyumbani, sikuweza kuila."

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alikuwa mtu wa misiba, lakini hakuna aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko yeye akiwa peke yake barabarani. Wachunga ng'ombe walimsikia kabla hawajamwona. Alipita mapori yenye fisi bila kujali, lakini mbwa wa jirani yangu alimfanya azunguke mtaa mzima. Alikuwa mpole kwa wafiwa na mkali kwa wanawe. Na baada ya simu kuingia na kumwondolea kazi ile, alizichukia. Siku hizi mtu hajapoa, picha yake imeshawekwa kwenye kundi la mtaa na maua pembeni. Tarishi alikuwa akisema, "Watu wanaangushwa wakiwa wamesimama, wakiwa ndani ya mabasi, wakiwa sokoni wameshika nyanya. Hakuna hata wa kumpa maji."

Sasa nije kwenye safari.

Alipostaafu, watu wa rika lake walinunua mbuzi, wengine walifungua vibanda. Yeye alitangaza kwamba atakwenda nje ya nchi kwa baiskeli, peke yake. Atashika njia ya zamani ya misafara kuelekea Ziwa Tanganyika, aingie Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya, arudi kwa upande wa Singida. Tulidhani ni maneno ya barazani. Alipoanza kubadilisha spoku na kununua viraka, tukajua ni kweli.

Nilikwenda kumzuia. Nikamwuliza, unatafuta nini huko katika umri huu?

Akakaza spoku moja kwanza. Kisha akasema, "Maalim, nataka nifike mahali baiskeli hii haijulikani. Nibishe hodi kwa mtu, anitazame, aseme karibu. Asianze kulia. Basi."

Nikamwendea mkewe, nikidhani yeye atamzuia. Akaniambia, "Mwache aende. Miaka yote hii ananiletea vifo vya watu kwenye magurudumu. Akavikung'ute huko mbali. Ila nimemwambia asinirudie nusu. Akianza, amalize."

Asubuhi ya kuondoka nilikuwepo, niliitwa nisome dua. Kama ilivyo kwetu, msafiri na mkewe waliombana radhi mbele yetu. Tarishi alisema, "Nilichokukosea kwa kujua na kutojua, uniwie radhi." Mkewe akasema, "Nimekuwia radhi. Nawe uniwie." Akamwaga maji kidogo kwenye magurudumu, mara hii kabla ya kutoka, na akatabasamu. Tarishi akaondoka kuelekea Urambo. Hakuwa na kengele, lakini alikuwa akiimba kabla hajafika kona.

Ya safari yenyewe nayajua machache, kwa simu alizopiga. Njia ile ya wapagazi wa zamani, ya Kaliua na Uvinza, ilimlaza na homa kidogo, akapona. Burundi milima ilimtoa machozi, alikuwa anasukuma baiskeli zaidi ya kuipanda. Rwanda askari walimfundisha upande wao wa barabara, maana alikuwa anakwenda kama yuko Tabora. Uganda mwanamke mmoja alimkaribisha ndizi akamwuliza anauza nini. Alipomwambia hauzi kitu, hakumwamini, akatafuta mfuko wa bidhaa kwenye keria. Alinipigia siku hiyo. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu mdogo.

"Maalim! Nimebisha hodi leo nyumba baada ya nyumba. Hakuna aliyelia!"

Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Niliingia ndani nikamwambia mke wangu, mwenzetu amepona.

Haikupita muda mrefu, mke wa Tarishi akaanguka jikoni. Ilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa na ulimi ukafungwa. Akili ilikuwepo, macho yalikuwepo, mkono wa kushoto ulikuwepo, lakini neno halikutoka. Tukampeleka hospitali, Kitete. Daktari alisema hali ni mbaya, ila huenda akakaa siku kadhaa, huenda wiki. Mdogo wake wa kike, mkulima wa Igalula, alikuja kumwuguza. Binti yao mkubwa akampigia baba yake simu. Nilikuwa karibu naye nje ya wodi, nilisikia upande mmoja, na upande wa pili nilikuja kuelezwa na Tarishi mwenyewe. Alikuwa Nakuru, Kenya, anaziba pancha.

"Baba, shikamoo. Mama anaumwa sana. Panda basi uje."

Tarishi akaweka gurudumu chini. Kisha akasema, "Mpe simu."

"Hawezi kuongea, baba."

"Mpe hivyo hivyo. Nimsikie anavyopumua."

"Niko nje ya wodi, baba. Wauguzi wametutoa. Nikiingia nitakupigia."

"Sawa, mwanangu," akasema. "Nimekuelewa. Poleni."

Binti alishangaa lile neno poleni, lakini hakulishika. Tarishi alikuwa amekwisha kumzika mkewe palepale, ukingoni mwa barabara ya ugeni. Kwa sababu ilikuwa habari aliyoijua neno kwa neno. Anaumwa sana, njoo. Hawezi kuongea. Niko nje, nitakupigia. Mwenyewe ndivyo alivyowaambia watu miaka yote: si mara moja alisema mgonjwa hawezi kuongea, na mgonjwa yu kaburini. Sasa binti yake alimwambia ukweli mtupu, na ukweli ule ulifika kwake umevaa nguo alizozoea kuuvisha uongo wa huruma. Hakuwa na njia ya kuutambua.

Aliitoa laini kwenye simu, hakutaka pole za simuni. Aliniambia alivyofikiri. Ya kwamba sisi Waislamu hatulazi maiti, kwa hiyo kufikia yeye kupata basi mkewe ameshazikwa. Ya kwamba maiti hasubiri mtu. Ya kwamba akienda haraka atakuta nyumba imejaa watu waliokwisha kuandaa nyuso, wa kumpa maji na kigoda, na hakuweza kuvumilia kufanyiwa yale. Na ya kwamba mkewe alisema asirudi nusu. Akaona heshima ya mwisho anayoweza kumpa ni kuimaliza safari kwa magurudumu, huku analia mahali ambapo hakuna anayemjua.

Ndivyo alivyofanya. Alimlilia mkewe kutoka Nakuru mpaka Nairobi, kutoka Namanga mpaka Babati. Alipopita miji alinunua mkate, akala akiwa amewapa watu kisogo. Alimsomea Yasini kila alfajiri na kuomba Mungu amfanyie wasaa kaburi lake. Wakati huohuo, mkewe yuko Kitete, hai, na binti anabonyeza namba ya baba yake na kuambiwa haipatikani, kisha anaiweka simu sikioni kwa mama hivyo hivyo, labda itaita. Nilipiga mimi. Walipiga vijana wa mtaa. Tuliuliza watu wa malori ya kwenda Nairobi. Siku zikaenda. Wengine walianza kusema Tarishi naye amekufa huko, na wakashauriana mgonjwa asiambiwe.

Aliteremka mlima Sekenke, akavuka mbuga, akaingia Igunga mchana. Hapo kwenye kituo cha malori, kijana mmoja dereva wa mtaani kwetu alimwona anakunywa chai chini ya kibanda. Akaruka kutoka kwenye gari.

"Mzee! Shikamoo! Jamani, ulikuwa wapi? Watu wanakutafuta mpaka basi!"

"Marahaba. Nimekwisha kupata habari, mwanangu. Nakuja taratibu."

"Taratibu? Mzee, mama yuko Kitete anakuulizia kwa macho! Juzi mke wangu kampelekea uji, kanywa vijiko."

Tarishi akaweka kikombe chini. "Usinifanyie hivyo, kijana. Mimi ndiye niliyewafundisha hayo."

"Hayo yapi?"

"Mke wangu amekwisha kufa."

"Nani kasema? Wallahi, mzee, yu hai. Niape kwa nini? Kwa mama yangu? Yu hai!"

Dereva anasema hajapata kuona mtu mzima anakaa chini vile, mchangani, miguu imenyooka kama mtoto. Alimpakia kwenye lori kwa kumbeba. Baiskeli ilibaki Igunga, imeegemea kibanda cha chai, na Tarishi hakurudi kuichukua wala hakumtuma mtu. Nchi zote zile alizipita kwa baiskeli, akashindwa kipande cha mwisho.

Alimkuta hai. Hilo nasema alhamdulillahi, ingawa yeye hakuweza kulisema kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekuja kumjulia hali mgonjwa, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Aliingia na vumbi la Igunga, akasimama miguuni pa kitanda, akasema, "Nimerudi." Mkewe alimtazama. Alimtazama sana. Kisha akageuza uso ukutani.

Tarishi alizunguka upande wa ukuta, akajibana pale penye nafasi ndogo, akapiga magoti, akamweleza yote: nilidhani umekufa, nilikulilia, niwie radhi. Mkewe alifumba macho. Alikaa siku chache akiwa amefumba vile, akifumbua kwa mdogo wake na kwa binti yake, na Mungu akamchukua. Niliongoza swala ya maiti. Tarishi alishuka kaburini mwenyewe kumlaza, na alipotoka hakuomba maji.

Swali lilianza siku ileile. Aligeuka kwa hasira au kwa maumivu? Alifumba kwa sababu hakutaka kumwona, au kwa sababu nguvu zilikwisha? Kila mtu alimpa jibu tamu. Wauguzi walisema wagonjwa wa kiharusi hugeuka tu. Binti alisema mama alifurahi, niliona chozi. Mimi nilimkumbusha asubuhi ya kuondoka.

"Alikuwia radhi mbele yetu, Tarishi. Nilisikia kwa masikio haya."

"Ile ilikuwa radhi ya kwenda, Maalim. Mimi naulizia ya kurudi."

Na hakumwamini mtu yeyote. Hii ndiyo iliyokuwa adhabu yake hapa duniani: kwamba kila faraja ilifika kwake imevaa nguo alizozishona mwenyewe. Ukimwambia fulani anaumwa, alikwenda Kitete kwa miguu kumwona. Hakuuliza anaumwa nini. Alisimama mpaka aone kifua kinapanda na kushuka. Ikawa desturi. Wauguzi walimzoea, wakamruhusu. Aliwashikia wagonjwa simu, ndugu walio Dar es Salaam au Mwanza wanapiga, naye anaiweka simu mdomoni mwa mgonjwa na kusema, "Sikiliza. Unasikia? Anapumua. Panda gari leo." Wengine waliwahi kwa sababu yake. Wapo waliomwombea dua bila kumjua. Lakini ukimsifu kwa hilo alikasirika na kuondoka.

Alidhoofika. Ile miguu iliisha, ikawa kama fito. Mwaka mmoja kabla hajafariki alikuja kwangu, akasema, "Maalim, nipeleke Igalula. Nataka kumwuliza shemeji yangu. Yeye ndiye aliyekuwa naye saa zote. Nimeogopa miaka hii yote kumwuliza, na sasa naogopa kufa sijamwuliza."

Tukapanda treni. Shemeji yake tulimkuta anapura mtama uani, mwanamke wa makamo aliyefanana na dada yake kwa urefu. Alitusalimu vizuri, akaleta viti. Akaleta maji. Tarishi hakuyagusa.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kwa jambo moja, na unalijua."

"Nalijua. Nimekungoja uje."

"Alikufa akiwa radhi nami?"

Mwanamke yule alifuta mikono kwenye kanga. Akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Unataka nikuambie, au unataka nikupoze?"

"Niambie."

"Basi nitakuambia. Mwanzoni kila mlango ulipolia aliangalia. Chakula kikija, aliangalia nyuma ya mleta chakula. Alikungoja, shemeji. Halafu siku moja mlango ukalia, hakuangalia tena. Wewe ulikuja baada ya hapo." Akaifunga kanga upya. "Ulipokwenda kuswali magharibi, nilimshika mkono, ule wa kushoto. Nikamwambia, dada, mumeo amerudi, alidanganyika, hakukutupa. Kama umemwia radhi nibane kidole. Hakunibana. Nikadhani mkono nao umekufa. Nikamwuliza, unataka maji? Akanibana mpaka ukucha ukaniuma."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na aya tayari, nilikuwa na maneno mazuri juu ya wagonjwa na udhaifu wao, na yote yalikuwa ya kweli. Tarishi akaweka mkono wake juu ya goti langu, akaubonyeza. Nikanyamaza.

"Ulimwuliza mara moja tu?"

"Nilimwuliza tena asubuhi. Na siku ya mwisho. Sikumsikia kidole."

Kuku walikuwa wanadonoa mtama na hakuna aliyewafukuza. Tarishi alikaa ameinama muda mrefu. Nilidhani analia, lakini alipoinua uso macho yalikuwa makavu, na kwa mara ya kwanza tangu Kitete yalikuwa yametulia.

"Yale maji," akasema. "Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Akanywa?"

"Akanywa yote, shemeji."

"Alhamdulillahi," akasema Tarishi.

Aliniomba nimsaidie kusimama. Akamshukuru shemeji yake kwa mikono miwili, akamwambia, "Wewe peke yako hukunikalisha." Kisha akaokota fimbo, akaenda kuwafukuza kuku.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na mkewe, na awapatanishe Yeye aliye Mpatanishi wa kweli, mahali ambapo ulimi haufungwi. Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akuhifadhi, akufikishe kwa wako wangali wanaangalia mlango, na akujaalie uombe radhi mapema na upewe ukiwa unasikia. Amin.